Daftari la Matabibu na Yasiyoandikwa Ndani Yake

Mgonjwa aendaye kwa tabibu huchukua imani nyingi na ujuzi mchache. Akienda kwa seremala aweza kukitikisa kiti kabla ya kulipa. Akienda kwa mshoni aweza kulijaribu vazi. Lakini kazi ya tabibu haijaribiwi ila katika mwili wa mwenye kuinunua, na mara nyingi ikiharibika haina marejeo. Kwa sababu hiyo watu wa mataifa mbalimbali, tangu zamani, wametafuta njia ya kuuliza khabari za tabibu kabla ya kumnyoshea mkono aupime. Njia iliyodumu kuliko zote ni daftari, yaani kitabu cha majina ya wale walioruhusiwa kutibu, ambacho mtu akikifunua akaliona jina analolitafuta hutulia, na asipoliona hushtuka. Historia ya kitabu hicho ni historia ya swali moja lililochukua muda mrefu ajabu kuulizwa. Kitabu kilianza kwa kuuliza tabibu amesoma wapi. Kuuliza amefanya nini tangu aliposoma kulikuja baadaye sana, na kabla ya kuja kwake watu wengi walikufa.

Kisa cha kale kinachosimuliwa mara nyingi juu ya asili ya jambo hili chatoka Baghdad. Katika mwaka wa 319 wa Hijra, yaani 931, Khalifa al-Muqtadir alipata khabari kwamba mtu mmoja amekufa kwa kosa la tabibu. Akatoa amri kwamba tabibu yeyote asifanye kazi mpaka amepimwa na Sinan ibn Thabit, tabibu mkuu wa wakati ule, na kupewa hati kwa mkono wake ikitaja kazi anayoruhusiwa kuifanya. Ibn al-Qifti na Ibn Abi Usaybi'a, waandishi wa karne ya 13 walioandika sira za matabibu, wasema kwamba waliopimwa walizidi 860, mbali na wale ambao sifa zao zilijulikana wazi hata hawakuhitaji mtihani, na wale waliokuwa katika utumishi wa Khalifa mwenyewe.

Miongoni mwa waliofika, kwa masimulizi hayo, alikuwamo mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri. Sinan alimkalisha mahali pa heshima akimdhania mwanachuoni, akamtaka amfaidishe kwa jambo lolote alilolipokea kwa walimu wake. Mzee akatoa kifurushi cha dinari za dhahabu, akakiweka mbele ya mtahini, akakiri kwamba kusoma na kuandika hakuwezi vizuri, bali ana watu wa nyumbani wanaokula kwa kazi ile, akaomba asikatiwe riziki. Sinan akacheka. Akamruhusu kwa sharti kwamba asimvamie mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asiagize kutoa damu wala dawa ya kuharisha ila kwa maradhi mepesi. Mzee akajibu kwamba hiyo ndiyo desturi yake tangu zamani. Hajapata kuvuka sharubati ya siki na asali na maji ya waridi yaliyotiwa sukari. Kesho yake akaja kijana mzuri wa sura. Alipoulizwa amesoma kwa nani alisema kwa baba yake, na baba yake alikuwa ni mzee yule wa jana. Naye akaruhusiwa kwa sharti lile lile.

Kisa hiki huchekesha, na huenda kilitiwa chumvi kabla ya kufika katika vitabu. Lakini chafaa kutazamwa upande wa mgonjwa. Sinan alijua kwamba mzee hakusoma; mzee mwenyewe alijua; na mapatano baina yao yalikuwa ya busara kwa namna yake, kwa kuwa sharubati haiui. Mgonjwa wa mtaani hakuwapo walipopatana. Yeye alimwona mzee amekwenda kwa mtahini mkuu na kurudi na ruhusa, na kwa macho yake ruhusa ile ilikuwa sawa na ruhusa ya mtu aliyesoma miaka kumi. Tangu mwanzo, basi, zilikuwapo elimu mbili juu ya tabibu mmoja: ile iliyokaa kwa wakubwa wa kazi, na ile iliyowafikia wagonjwa.

Katika Ulaya kazi ya kuruhusu matabibu ilishikwa na wafalme, maaskofu na vyama vya wenye kazi. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1511 iliyowapa maaskofu haki ya kutoa ruhusa hizo, wakisaidiwa na watu wenye ujuzi. Na mwaka 1518 Mfalme Henry wa Nane alianzisha Chuo cha Matabibu cha London. Yaliyofuata kwa karne tatu hayana haja ya kufuatwa hatua kwa hatua. Yatosha kusema kwamba katikati ya karne ya 19 nchi ile ilikuwa na vyuo na vyama karibu ishirini vyenye haki ya kutoa hati za utabibu au upasuaji, kila kimoja kwa kipimo chake, na hata Askofu Mkuu wa Canterbury aliweza kumfanya mtu daktari wa utabibu kwa hati yake. Mtu aliyeona kibao mlangoni hakuwa na njia ya kujua kama kibao kile kina uzito wa miaka ya masomo au uzito wa rangi yake tu.

Sheria ya Utabibu iliyopitishwa tarehe 2 Agosti 1858 ilikusudia kuponya fujo hiyo. Utangulizi wake ulitaja kusudi bila maneno mengi: watu wanaohitaji msaada wa utabibu wawezeshwe kuwatofautisha wenye sifa na wasio nazo. Likaundwa Baraza Kuu la Utabibu, akawekwa msajili, na mwaka 1859 likachapishwa daftari la kwanza, lenye jina la kila tabibu, mahali akaapo, hati zake na tarehe ya kuandikwa kwake. Kwa mara ya kwanza mtu wa London au wa kijiji cha Scotland aliweza, kwa bei ya kitabu au kwa fadhila ya mwenye kitabu, kulitafuta jina la tabibu wake katika mahali pamoja.

Yafaa ifahamike jinsi sheria hiyo ilivyokuwa na kiasi. Haikumkataza mtu asiyesoma kutibu. Ilimkataza kujiita alichokuwa sicho, na adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi pauni 20. Asiye katika daftari hakuweza kumdai mgonjwa ujira wake mahakamani, wala kushika kazi ya utabibu katika jeshi au hospitali za umma, wala kutia sahihi hati zilizotakiwa na sheria. Zaidi ya hayo alikuwa huru. Bunge liliwawekea watu taa, kisha likawaacha wachague njia wenyewe. Ikiwa waliotunga sheria waliamini kweli kwamba mgonjwa atakifunua kitabu kabla ya kumwita tabibu, au waliamini tu kwamba matabibu wenyewe watakifunua kuwatafuta wageni waliojipenyeza, hilo ni jambo la kubishaniwa. Kilichotokea kwa miaka mingi chafanana zaidi na hili la pili.

Daftari la kwanza lilikuwa na jina moja la mwanamke. Elizabeth Blackwell alipata shahada yake katika chuo cha Geneva, New York, mwaka 1849, na sheria mpya iliwapokea wenye shahada za nchi za kigeni ikiwa walikuwa wakitibu Uingereza kabla ya tarehe 1 Oktoba 1858. Aliingia kwa mlango huo, na mlango ukafungwa nyuma yake; mwanamke wa pili, Elizabeth Garrett, alilazimika kutafuta njia nyingine kupitia chama cha wauza dawa mwaka 1865, na chama kile kikabadili kanuni zake asipate mwingine kumfuata. Hapa lilionekana jambo ambalo utangulizi wa sheria haukulitaja: kitabu kilichotungwa kwa ajili ya kumwongoza mgonjwa kilikuwa pia uzio wa wenye kazi, na wenye kazi ndio waliokuwa na ufunguo.

Tabia hiyo ilidhihirika zaidi katika kufuta majina. Sheria iliruhusu jina lifutwe kwa kosa la jinai lililothibitika mahakamani, au kwa mwenendo wa aibu katika kazi. Aibu ni neno pana, na Baraza ndilo lililokuwa na haki ya kulipima. Mwaka 1892 lilimfuta Thomas Allinson, daktari aliyehubiri kula mboga na mkate wa ngano isiyokobolewa, aliyewashambulia wenzake kwa dawa zao na kujitangaza katika magazeti. Alipeleka shauri mahakamani, na mwaka 1894 Mahakama ya Rufani ikalipa Baraza haki. Mkate wenye jina lake ukaendelea kuuzwa muda mrefu baada ya yeye kufa. Kwa vizazi kadhaa makosa yaliyomtoa mtu katika daftari yalikuwa ya namna hiyo: kujitangaza, kuzini na mgonjwa, ulevi, kutoa mimba kinyume cha sheria, kumfunika kwa jina lake mtu asiyesajiliwa. Kutibu vibaya, ikiwa tabibu alikuwa muungwana kwa wenzake, hakukuhesabiwa katika mambo hayo kwa urahisi. Mamlaka ya kupima ubora wa kazi yenyewe Baraza lililipata kwa sheria ya mwaka 1995, iliyoanza kutumika 1997, karibu miaka 140 baada ya kuundwa kwake.

Kitabu cha London kilisafiri pamoja na dola ya Kiingereza. Sheria ya mwaka 1886 iliweka orodha za makoloni na nchi za nje, na nchi ambazo hazikupatana na Uingereza juu ya kutambuana zilibaki nje ya orodha. Hastings Kamuzu Banda alikutana na mpaka huo. Alihitimu udaktari katika Chuo cha Meharry, huko Nashville, Marekani, mwaka 1937. Lakini shahada ya Kimarekani, iliyomtosha Elizabeth Blackwell mwaka 1858, haikumpa yeye ruhusa ya kutibu katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza. Akaenda Edinburgh, akaanza kusoma tena yale aliyokwisha kufuzu, akapata hati zake mwaka 1941. Vijana waliosomea utabibu Makerere nao walifanya kazi miaka mingi katika hospitali za Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar kwa hati ambayo London haikuitambua mpaka mwaka 1957. Mgonjwa wa Mulago aliyetibiwa na mmoja wao mwaka 1956 na akatibiwa naye tena mwaka 1958 hakuona tofauti yoyote katika mkono wa tabibu. Tofauti ilikuwa katika kitabu.

Huko Marekani, ilikotoka shahada ya Banda, hakukuwa na kitabu kimoja. Kila jimbo liliweka baraza lake, na katika robo ya mwisho ya karne ya 19 majimbo yalitunga sheria za leseni moja baada ya jingine. Mtu wa West Virginia aitwaye Frank Dent, aliyekuwa ametibu kwa miaka sita na mwenye hati ya chuo kimoja cha Cincinnati ambacho baraza la jimbo halikukiona kuwa na sifa, alitozwa faini ya dola 50 kwa kutibu bila leseni. Shauri lake lilifika Mahakama Kuu ya nchi, iliyoamua dhidi yake mwezi wa Januari 1889. Jaji Stephen Field alieleza sababu ambayo haijapata kuzidiwa: kila mtu huenda akamhitaji tabibu, lakini ni wachache wanaoweza kupima elimu yake, kwa hiyo hawana budi kutegemea uthibitisho unaotolewa na leseni.

Hoja hiyo ina nguvu, na ndani yake mna deni. Ikiwa raia wameambiwa waache kupima na wategemee leseni, basi mwenye kutoa leseni amejitwika wajibu wa kuyajua yale ambayo raia hawawezi kuyajua, na kuwaambia. Majimbo yalipokea nusu ya kwanza ya wajibu huo kwa shida, na nusu ya pili yaliikataa kwa miaka mia moja. Malalamiko yaliwekwa siri. Adhabu za jimbo moja hazikufika jimbo la pili ila kwa barua, ikiwa mtu alikumbuka kuiandika. Tabibu aliyeharibu mambo mahali pamoja aliweza kufunga mizigo, akavuka mto, akatundika kibao upya.

Habari za Michael Swango zaonyesha umbali ambao mtu aliweza kwenda. Alihitimu Illinois mwaka 1983, akafanya kazi ya mafunzo katika hospitali moja kubwa ya Ohio, ambako wauguzi walimshuku kwa vifo visivyoelezeka. Hospitali ilimchunguza yenyewe, haikumshitaki, ikamwacha amalize mwaka wake, na jimbo likampa leseni. Mwaka 1985 mahakama ya Illinois ilimtia hatiani kwa kuwatilia sumu ya aseniki wenzake waliokuwa wakifanya kazi pamoja naye katika gari la wagonjwa. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitano, akatoka 1987. Mwaka 1992 alikuwa amevaa tena koti jeupe, South Dakota, kwa karatasi za kughushi zilizosema kwamba alifungwa kwa ugomvi wa ngumi. Alipogunduliwa aliondolewa, mwaka 1993 akaonekana New York. Alipogunduliwa huko nako, hakubakiwa na jimbo la kukimbilia, akakimbilia Afrika.

Mwezi wa Novemba 1994 alifika katika hospitali ya misheni ya Mnene, mashambani mwa Zimbabwe. Ni hospitali iliyokuwa na uhaba wa madaktari, na daktari wa Kimarekani mwenye hati nzuri ajaye kwa hiari yake hapokelewi kwa maswali mengi mahali kama hapo. Hati zilikuwa za kughushi. Wagonjwa walioingia kwa maradhi madogo au wakiwa karibu kupona walianza kufa ghafla. Waliopona walisema daktari aliwachoma sindano isiyoagizwa, na wauguzi waliwasadiki. Mwaka 1995 alisimamishwa kazi. Baadaye akatoroka nchi. Alikamatwa Chicago tarehe 27 Juni 1997, akiwa njiani kwenda Saudi Arabia kushika kazi nyingine ya udaktari. Mwaka 2000 alikiri mahakamani kuwaua wagonjwa watatu wa New York, akahukumiwa kifungo cha maisha. Watu wa Mnene wasingaliweza kujua. Hapakuwa na kitabu ambacho mwuguzi wa Zimbabwe angeweza kukifunua akasoma yaliyotokea Illinois mwaka 1985, na ni lazima isemwe kwamba hata waliokuwa South Dakota, katika nchi ile ile na kwa simu iliyokuwa mezani, hawakuuliza ipasavyo.

Serikali ya Marekani haikuwa imelala kabisa. Kwa sheria ya mwaka 1986 ilianzishwa hazina ya taifa ya khabari za matabibu, iliyofunguliwa tarehe 1 Septemba 1990. Humo huwekwa adhabu za mabaraza ya majimbo, haki za kutibu zilizoondolewa na hospitali, na fedha zilizolipwa kwa madai ya uzembe. Kifungo cha Swango kilitangulia kufunguliwa kwa hazina hiyo. Lakini kasoro yake kubwa ilikuwa ni kusudi na wala haikuwa bahati mbaya: hospitali zaweza kuisoma, mabaraza yaweza kuisoma, na raia amekatazwa na sheria. Zile elimu mbili za Baghdad zilipewa mwaka 1990 chombo cha kisasa, na mgonjwa akabaki upande ule ule.

Jimbo la kwanza kuvunja desturi hiyo lilikuwa Massachusetts. Gazeti la Boston Globe lilichapa mwaka 1994 mfululizo wa makala juu ya matabibu walioshitakiwa mara nyingi kwa uzembe bila wagonjwa wao kujua, na mwaka 1996 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwatolea watu wasifu wa kila tabibu: masomo yake, hospitali anamotibu, adhabu za baraza, adhabu za hospitali, hatia za jinai, na fedha zilizolipwa kwa ajili ya makosa yake katika miaka kumi. Mwanzo mtu alipiga simu, kisha wasifu ukawekwa katika mtandao. Matabibu walipinga, na hoja zao hazikuwa za kupuuzwa. Bima hulipa mara nyingi ili kukwepa gharama za mahakama, hata pasipo kosa. Mpasuaji wa ubongo au mkunga wa mimba za hatari hushitakiwa zaidi kuliko daktari wa ngozi, naye akiogopa kuandikwa vibaya atawakwepa wagonjwa wenye hali mbaya, ambao ndio wanaomhitaji. Sheria ilijibu kwa kuyapanga malipo kwa kuyalinganisha na ya wenzake wa fani ile ile, ya chini, ya kadiri au ya juu, na kwa kuweka maelezo kwamba malipo si ushahidi wa kosa. Jawabu hilo lilitosha kwa kiasi chake. Hoja ambayo haikuwa na jawabu ilikuwa ile ya zamani, kwamba mambo ya wenye kazi wayajue wenye kazi. Na hoja hiyo ilikuwa karibu kuvunjwa Uingereza kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia.

Harold Shipman alikuwa daktari wa Todmorden, katika Yorkshire. Mwaka 1975 wenzake waligundua kwamba alikuwa akighushi maagizo ya dawa ili ajipatie pethidini, aliyokuwa akijidunga. Mwezi wa Februari 1976 mahakama ya Halifax ilimtia hatiani, akatozwa faini ya pauni 600. Baraza Kuu la Utabibu lilipokea khabari ya hatia hiyo, likaitafakari faraghani, likaamua kumwandikia barua ya onyo. Wizara ya Mambo ya Ndani ingeweza kumnyima mamlaka ya kushika dawa za namna ile, haikumnyima. Mwaka 1977 alijiunga na matabibu wa mji wa Hyde, karibu na Manchester. Aliwaeleza wazi yaliyompata, nao wakaupenda ukweli wake wakampokea.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Msajili alijua. Wizara ilijua. Matabibu wa Hyde walijua. Lakini mama mzee wa Hyde aliyetaka kujua ni nani huyu daktari mpya, hata kama angalikuwa na subira ya kulitafuta daftari na kulifunua, angalisoma jina, anwani, hati za chuo cha Leeds na tarehe. Pethidini haikuwamo. Hatia ya mahakama, iliyotamkwa mbele ya watu na ambayo kwa asili si siri hata kidogo, ilikuwa imepita katika ofisi za wakubwa na kutoka upande wa pili bila kuacha doa katika kitabu kilichotungwa, kwa maneno ya sheria yake, kwa ajili ya mgonjwa.

Aliwaua wagonjwa wake kwa daimofini kwa zaidi ya miaka ishirini, wengi wao wakiwa wanawake wazee, aghalabu majumbani mwao, kisha akawatilia sahihi hati za vifo kwa mkono wake. Mwezi wa Machi 1998 daktari mwingine wa Hyde alipeleka wasiwasi wake kwa mkaguzi wa vifo, na polisi wakachunguza kwa siri. Uchunguzi huo ulifungwa mwezi wa Aprili. Polisi hawakutazama kama mtu wanayemchunguza amepata kuhukumiwa, wala hawakuliuliza Baraza. Baada ya kufungwa kwake wanawake watatu zaidi waliuawa. Wa mwisho alipata kuwa meya wa mji, na wasia wa kughushi uliotolewa kwa jina lake ndio uliomponza Shipman. Tarehe 31 Januari 2000 alihukumiwa kwa mauaji ya watu 15. Baraza likafuta jina lake mwezi uliofuata. Tume iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ilipotoa taarifa yake ya kwanza mwezi wa Julai 2002, hesabu ya waliothibitika kuuawa ilikuwa 215. Katika taarifa ya tano, ya Desemba 2004, tume ililikosoa Baraza kwa kutazama mno maslahi ya matabibu kuliko usalama wa wagonjwa.

Haiwezi kusemwa kwa hakika kwamba mstari mmoja wa wino katika daftari la mwaka 1976 ungaliokoa maisha ya hao wote. Watu wa Hyde walimpenda daktari wao, na yamkini wengi wangalimsamehe kosa la ujana kama walivyomsamehe wenzake. Lakini mkaguzi wa vifo, mwuza dawa aliyempa daimofini kwa wingi, mwana aliyeshangaa kwa kifo cha mama yake, na polisi aliyepewa jalada, kila mmoja wao angalikuwa na neno la kuunganisha na wasiwasi wake. Wasiwasi wa mtu mmoja asiye na khabari hufa upesi.

Daftari la Uingereza la leo si lile. Latafutwa kwa mtandao bila malipo, nalo laonyesha masharti aliyowekewa tabibu na kusimamishwa au kufutwa kwake. Tangu tarehe 16 Novemba 2009 kuandikwa katika daftari na kuwa na leseni ya kutibu ni mambo mawili, kwa hiyo mtu aweza kuonekana ameandikwa na huku hana ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Anayetafuta hana budi kusoma mpaka mwisho wa mstari. Tangu Desemba 2012 leseni hiyo huhitaji kuthibitishwa upya kila baada ya muda. Katika Afrika ya Mashariki mabaraza yaliyorithi utaratibu wa Kiingereza yamekwenda njia hiyo hiyo kwa mwendo wake. Tanzania ilitunga sheria mpya ya matabibu mwaka 2017, na bodi ya Kenya iliyoanza 1978 iligeuzwa kuwa baraza mwaka 2019; jina la tabibu laweza kutafutwa na mwenye simu, na hali ya leseni yake ikaonekana. Hilo ni swali la mwaka 1858, nalo lina thamani kubwa katika nchi ambamo watu wasiosoma bado hukamatwa wakiwa na koti jeupe na muhuri. Swali la 1976 ni jingine.

Jimbo la California limejaribu kuligeuza jambo lenyewe. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2019, tabibu aliyewekwa chini ya uangalizi wa baraza kwa kumdhulumu mgonjwa kimwili, au kwa ulevi wa dawa uliomdhuru mgonjwa, au kwa makosa mengine mazito yaliyotajwa, hangojei mgonjwa amtafute katika daftari. Ni juu yake kumwambia, kabla ya kumtibu kwa mara ya kwanza: kwamba yuko chini ya uangalizi, mpaka lini, amezuiwa kufanya nini, namba ya simu ya baraza ni ipi, na ukurasa wake utafutwe wapi. Mgonjwa hupewa maneno hayo kwa maandishi, na kabla ya kupimwa hutia sahihi yake kwamba ameyapokea.